Sintetiki ni ya nani Keshero?

Muuza vipuri wa barabara ya Sake ana jibu moja kwa kila anayemuuliza oili nzuri: chukua sintetiki, inalinda moteri. Hadanganyi. Tatizo ni kwamba oili inaweza kuwa nzuri na bado isistahili bei yake. Vyombo vingi vinavyopita kutwa Keshero, mtaa wa magharibi mwa Goma, ni pikipiki za abiria, na Toyota ambazo zilikwisha kuzeeka Japani kabla ya kufika huku. Kwa aina zote mbili, pesa ya ziada ya sintetiki inanunua faida ambayo mwenye chombo hataiona.

Na pesa yenyewe si ya kuchezea. Tangu waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufunga milango, noti ya dola inahesabiwa mara mbili kabla ya kutoka mfukoni.

Ubora wa sintetiki haubishaniwi. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilizipima oili za aina zote mbili na kukuta sintetiki imezishinda za kawaida kwa wastani wa asilimia 47, katika vipimo kama vile kustahimili joto, kutoacha masizi na kutiririka kwenye baridi. Gharama ya ziada kwa dereva wa kule ilikuwa dola 64 kwa mwaka, nao wakasema inalipa. Ila dereva waliyemfanyia hesabu anabadilisha oili kila maili 7,500, karibu kilometa 12,000, na anaendesha kwenye lami. Mtu wa Keshero akisoma hesabu hiyo inabidi aifute nusu yake.

Aanze na baridi. Namba iliyo kabla ya herufi W inaonyesha oili inavyofanya kazi injini ikiwa baridi: ya 0W hupimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, ya 5W kwenye 30 chini, ya 20W kwenye 15 chini. Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na wastani wa joto lake ni nyuzi 20 hivi. Hata alfajiri ya mvua, ziwa likivuma, haikaribii sifuri. Anayelipia sintetiki ili pikipiki iwake vizuri asubuhi amenunua koti la theluji.

Joto ni hoja nzito zaidi, na hapa sintetiki inastahili haki yake. Bajaj Boxer au TVS HLX hupozwa na upepo tu, na ikipandishwa mlima na abiria wawili na gunia la makala, injini yake inachemka kweli. Oili ya sintetiki huchelewa kuungua katika hali hiyo. Kama mambo yangeishia hapo, wamotari wangeshauriwa wajikaze wainunue.

Hayaishii hapo. Katika pikipiki hizo oili moja, lita moja na kidogo hivi, inafanya kazi tatu: inalainisha pistoni, inalainisha gia, na sahani za ambreyaji zinaogelea humo humo. Oili nyingi za kisasa za gari ndogo, hasa zile nyepesi zinazosifiwa kwa kupunguza matumizi ya esansi, zimetiwa dawa ya kuongeza utelezi. Kwenye gari haina neno, maana ambreyaji yake iko kavu, mbali na oili. Kwenye pikipiki utelezi ule unafika kwenye sahani. Motari anaongeza gesi, moteri inalia, mwendo hauji. Baada ya muda ananunua sahani mpya na kuilaani kampuni ya pikipiki. Wajapani waliliona tatizo hili zamani, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wana alama yao ya JASO. Chupa yenye MA au MA2 inafaa pikipiki ya ambreyaji inayoogelea katika oili. Yenye MB ni ya skuta. Isiyo na alama yoyote kati ya hizo, hata iwe ghali namna gani, iachwe kwenye rafu. Oili ya kawaida, ya madini, ya 20W-50 yenye MA ni bora kwa Boxer kuliko sintetiki ya gari iliyo mara mbili ya bei yake.

Halafu kuna vumbi, nalo ndilo linalomaliza ubishi.

Fundi wa kando ya njia analegeza bolti ya chini, oili inashuka kwenye bidoni ya manjano iliyokatwa ubavu. Weusi wake haumshtui, maana oili inayosafisha injini lazima iwe nyeusi. Anachovya kidole, anasugua kwa dole gumba, kisha anamnyooshea mkono mwenye pikipiki. "Mwana, gusa. Ni mchanga huu." Kijana anagusa, anakunja uso. "Papa, mbona niliweka ile ya bei kali majuzi tu?" Fundi hajibu. Anafungua kifuniko cha filta ya hewa na kutoa sponji iliyogeuka rangi ya jivu, pembe moja imechanika, na kupitia pembe hiyo injini imekuwa ikivuta barabara nzima.

Vumbi la Goma ni mawe ya volkano yaliyosagwa na magurudumu. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga lava kuelekea mjini mwaka 2002 na tena Mei 2021, na miamba ya kale zaidi imelala chini ya mitaa ya magharibi, Keshero ikiwamo. Ni vumbi gumu, lenye kingo kali. Likishaingia kwenye oili linasaga ringi na silinda, na hakuna maabara iliyotengeneza oili ya kuliyeyusha. Sintetiki inavumilia joto na umri. Mchanga haiuvumilii zaidi ya oili nyingine yoyote. Dawa ya mchanga ni kuzuia usiingie, na ukiingia, kuutoa kwa kufanya vidanji.

Hapo hesabu inaanguka. Sintetiki yenye bei mara mbili inarudisha pesa yake kama tu itakaa ndani ya injini mara mbili ya muda. Tuseme motari anazunguka kilometa 100 kwa siku na kubadilisha oili kila kilometa 2,000, yaani kila siku 20. Akiweka sintetiki inabidi afike siku ya 40 ndipo atoke sare, na mchanga ule umekuwa ukisaga siku zote hizo. Asipofika, amelipa mara mbili kwa kazi ile ile. Tofauti ya bei ingemnunulia sponji mpya ya filta na pengine ikabaki chenji. Wapo watakaosema motari anayejali chombo chake hahesabu senti. Wenye kusema hivyo kwa kawaida hawalipi versement ya kila jioni kwa mwenye pikipiki.

Kuna pia swali la nini hasa kiko ndani ya chupa. Zamani sintetiki ilikuwa oili iliyoundwa kiwandani kuanzia molekuli ndogo, kama Mobil 1 ilipoingia sokoni miaka ya 1970. Baadaye Castrol ikaanza kuuza kwa jina hilo hilo oili ya petroli iliyosafishwa mno kwa haidrojeni. Mobil ikalalamika, na mwaka 1999 chombo cha Marekani kinachosuluhisha ugomvi wa matangazo ya biashara kikaipa haki Castrol. Siku hizi neno lile kwenye chupa linabeba vitu vyenye gharama tofauti kabisa za kutengeneza, na vyote vinauzwa kwa bei ya fahari.

Kinachosema ukweli zaidi ni herufi ndogo za API, taasisi ya petroli ya Marekani, upande wa nyuma. Kwa injini za esansi zinaanza na S, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo oili ilivyo mpya: SL ni ya mwaka 2001, SP ya 2020. Chupa ya SC, kwa kipimo cha API wenyewe, ilikusudiwa injini za 1967 na za kabla yake, wakati Congo huru ilikuwa na umri wa miaka saba. SF inaishia injini za 1988. Kuweka SC ndani ya Toyota Ist ni hasara kubwa kuliko kukosa sintetiki, na herufi hizo zinasomwa bure dukani. Mnunuzi aangalie pia kizibo kama kimewahi kufunguliwa, na baada ya kumimina aitoboe chupa, kwa sababu chupa tupu ya jina kubwa ikiwa nzima ndiyo mali ya kwanza ya mghushi. Oili ya bei ya juu ndiyo inayomlipa mghushi vizuri zaidi, jambo ambalo wauzaji hawapendi kulitaja.

Oili iliyomwagwa nayo inakwenda mahali. Nyingine hupakwa kwenye mbao za nyumba kuzuia mchwa, nyingine hunyweshwa mawe. Goma haina mto. Maji ya mji yanapampwa kutoka Ziwa Kivu, na lava ina matundu mengi ya kupitisha kinachomwagwa juu yake. Garaji zingepaswa kuwa na pipa la kukusanyia kabla ya kuzungumzia chapa za oili.

Hata hivyo, magari ya kulipia sintetiki yapo, na yanaongezeka. Dizeli yenye tabo inazungusha mhimili mwembamba kwa kasi kubwa kwenye joto linaloikausha oili ya kawaida ikawa makaa. Huko ubahili unaua tabo. Toyota Prius nyingi na ndugu zake za miaka ya karibuni zinataka oili nyepesi kama 0W-20, hasa ili kupunguza matumizi ya esansi, na muda wa kufunguka kwa vali zake unaongozwa na mgandamizo wa oili hiyo hiyo. Mwenye Prius anayeambiwa "weka 20W-50 tu, huku kunataka nzito" akatae. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani kitupu, afungue boneti: kwenye nyingi, kizibo cha kujazia oili kina namba hizo juu yake.