Mastaa na mashine za hali ya hewa: kupima ruksa, kutabiri waachieni wenyewe

Mjini kila msimu una kiki yake. Ulikuwepo msimu wa magari, ukaja wa mijengo, ukaja wa mbwa wanaokula vizuri kuliko mpangaji. Sasa hivi kuna kidude kipya kwenye stori za mastaa wa Dar: skrini ndogo ya rangi iliyokaa sebuleni pembeni ya tivii, inaonyesha joto la nje, unyevu, upepo, mvua, na kajua fulani kanakotabasamu. Nje kuna kihisi cheupe chenye vikombe vinavyozunguka na upepo. Kati ya nje na ndani hakuna waya hata mmoja, mawasiliano yote ni kwa mawimbi ya redio.

Kidude ni kizuri, hilo halina ubishi. Shida ni kinachofanyika nacho.

Chukua ishu ya muigizaji mmoja wa filamu za Kibongo, jina libaki kapuni. Dada huyo ana wafuasi wa kumwaga, na mwezi Februari alirusha skrinshoti ya mashine yake: nyuzi joto 43. Chini akaandika Dar inaungua, watu wakae ndani. Ndani ya saa chache picha ikawa kwenye magrupu yote ya WhatsApp, kuna wazazi wakaanza kuulizana kama watoto waende shule kesho yake.

Wajanja wachache wakakuza picha yake nyingine ya siku za nyuma, ile ya "mjengo unaendelea". Kihisi kimefungwa juu ya bati, hatua moja tu kutoka kwenye AC, lile boksi la nje linalopuliza hewa ya moto. Hapo sasa! Bati la saa nane mchana unaweza kukaangia yai. Mashine haikudanganya hata kidogo. Ilipima joto la bati na la pumzi ya AC, ikaandika ilichokiona. Aliyeita hilo "joto la Dar" ni mwenye simu.

Joto la hewa, kwa utaratibu unaofuatwa dunia nzima, hupimwa kivulini, penye hewa inayopita, mita moja na robo hadi mbili kutoka ardhini, mbali na kuta na lami. Ukipima hivyo, mchana wa Januari au Februari Dar unacheza kwenye nyuzi 32 hivi. Kinachowatesa watu ni unyevu. Nyuzi 32 zikikutana na unyevu wa asilimia 70, mwili unasikia kama upo kwenye 40 na kidogo, kwa sababu jasho haliondoki. Mashine nyingi zinaonyesha namba hizo mbili, ya joto lenyewe na ya joto linavyosikika, na mwenye haraka ya kuposti anachukua ile kubwa kwa sababu ndiyo yenye likes.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni utani tu, joto la mtandaoni halijaua mtu. Sawa. Twende kwenye ubuyu wa pili.

Kuna MC mmoja, naye anajulikana mjini, ambaye Aprili aliandaa bata la ufukweni. Aprili, masika yenyewe. Mabinti na vijana wa biashara ndogo wakalipia nafasi: wa mishikaki, wa juisi, wa nguo za mtumba, wa kusuka. Asubuhi ya siku yenyewe mbingu zilikuwa na wingu zito na watu wakaanza kuulizia kama shughuli ipo. Jamaa akaposti skrini ya mashine yake ya nyumbani, kajua kanacheka, na maneno ya kujiamini kwamba mashine imeshasema, hakuna mvua, wenye wivu wanyamaze.

Saa tisa alasiri ikashuka mvua ya kung'oa mahema. Spika zilifunikwa haraka na maturubai, za MC. Nyama ya dada wa mishikaki haikufunikwa na mtu. Wale waliokuwa na wazo la kughairi asubuhi, waliokuwa bado hawajanunua barafu wala kuku, walitoa hela kwa sababu ya kajua kale. Hakuna aliyerudishiwa ada ya nafasi. Jibu lililotolewa ni kwamba mvua ni mipango ya Mungu.

Mvua ni ya Mungu, ndiyo. Ila kale kajua kalitoka kwenye simu ya mtu, na inafaa watu wajue kanatokea wapi.

Mashine hizi za kawaida hazina setilaiti wala hazijui wingu liko wapi. Zinachofanya ni kuangalia mgandamizo wa hewa. Ukipanda, zinachora jua. Ukishuka, zinachora wingu au mvua. Hesabu hiyo ilitungwa kwa nchi za Ulaya na Marekani, ambako mgandamizo hupanda na kushuka kwa siku kadhaa kadiri mifumo mikubwa ya hewa inavyopita, na huko inapatia kiasi chake.

Huku karibu na ikweta mambo ni tofauti. Mgandamizo una mwendo wake wa kila siku kama maji kupwa na kujaa: unakuwa juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, unakuwa chini mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Unacheza kwa hektopaskali mbili tatu hivi na unajirudia kila siku, inyeshe isinyeshe. Maana yake, kati ya alfajiri na saa nne asubuhi mgandamizo wa Dar unapanda, na mashine inaweza kuchora kajua hata kama wingu limetanda mpaka Kibaha. Jioni itachora mvua kwenye anga jeupe. MC alipiga picha saa tatu asubuhi. Angepiga saa tisa, mashine hiyohiyo pengine ingemwambia kinyume.

Zipo za bei ya juu zinazovuta utabiri kutoka mtandaoni kupitia waifai. Hizo zinasoma utabiri wa mtu mwingine na kuuonyesha, hazijautengeneza pale sebuleni.

Na bado kuna vituko vya ufungaji. Baadhi ya mashine zina sehemu ya kuchagua kama uko nusu ya kaskazini au ya kusini ya dunia. Zinatoka kiwandani zimewekwa kaskazini, na Tanzania iko kusini. Fundi asipobadilisha, upepo unasomwa kinyume. Kwa hiyo unakuta Januari, kaskazi inavuma mpaka inapeperusha kanga kwenye kamba, na skrini ya staa inasema upepo unatoka kusini. Mvuvi yeyote wa Kunduchi angecheka mpaka aanguke ngalawani.

Mvua nayo inapimwa na kijiko kidogo cha kubembea ndani ya kikombe. Maji yakijaa kinapinduka, mashine inahesabu. Sasa kunguru wa Dar wakifanya yao juu yake, au buibui akatanda, au majani ya mwarobaini yakaziba tundu, kijiko hakibembei. Mvua inanyesha ya ndoo, skrini inasema sifuri. Mtu anayeposti sifuri hiyo kwa watu wa Goba anamdanganya jirani yake mwenyewe.

Kuna wanaosema mashine hizi ni ushamba wa kizungu na zipigwe chini. Hapana, huko ni kuchukua hasira za mwenye simu kuzimalizia kwenye kifaa. Ikifungwa vizuri ina faida kuliko nusu ya vitu vilivyojaa kwenye sebule za mastaa. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100, ikipigwa na milimita 20, imepokea karibu lita 2,000, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Kwa mji ambao bomba linakata siku mbili tatu, mtu akijua hilo anajua tenki la ukubwa gani anunue na lini aache kuita boza. Mwenye bustani anajua kama amwagilie au asubiri. Mwenye mtoto mchanga anajua chumba kina joto gani usiku bila kubahatisha.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wa TMA hawapendi kulisikia: watu wanakimbilia skrini ya staa kwa sababu tangazo la mamlaka linasema "baadhi ya maeneo ya mikoa ya Pwani, Dar es Salaam, Tanga" na kuendelea. Mtu wa Mbagala anataka kujua kuhusu Mbagala. Staa anampa jibu la "hapa kwangu", na jibu hilo lina utamu wake. Kosa ni kuliacha litembee kuliko linavyostahili. Mvua ya Dar inaweza kupiga Tegeta na kuacha Temeke pakavu. Na mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, huko mbali kabisa. Jangwani inaweza kujaa maji wakati kikombe cha Mbezi Beach hakijapata tone. Mkazi wa bondeni anayetuliza moyo kwa skrini ya Mbezi Beach anacheza na roho za watoto wake, na mafuriko ya Desemba 2011 yalishaonyesha mji huu kwamba Msimbazi hautanii.

Ndiyo maana kutoa utabiri na tahadhari ni kazi ya TMA kwa mujibu wa Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ya mwaka 2019, na sheria hiyohiyo inagusa hata wenye vituo vyao binafsi. Staa mwenye mashine na wafuasi wengi kwanza apige simu TMA aulize anatakiwa afanye nini, kabla ya kupiga skrinshoti. Tahadhari za TMA zina rangi zake: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Kuposti rangi hiyo jinsi ilivyo hakugharimu hata bando la maana.

Kwa mashine yenyewe, kuna utaratibu rahisi ambao ungemaliza kelele nyingi. Kihisi kitoke kwenye bati, kisimame kwenye nguzo bustanini, mbali na AC na ukuta. Kipimo cha mvua kisikae chini ya mti wala ubavuni mwa ghorofa. Kifunguliwe kisafishwe angalau kila mwanzo wa vuli na wa masika. Skrini isiwekwe mbali kupita kiasi, maana mita 100 zilizoandikwa kwenye boksi ni za uwanja mtupu, na nyumba ya zege yenye nondo madirishani inakula mawimbi.

Na staa aposti jana, asiposti kesho. "Jana usiku hapa kwetu Goba imenyesha milimita 38" ni habari ya maana, imepimwa, ina mahali na muda, jirani anaweza kuitumia. "Kesho hakuna mvua, mashine imesema" ni maneno ya mtu anayetaka watu waje kwenye shughuli yake.

Yule dada wa 43 alishafuta posti yake kimyakimya, na inasemekana kihisi kimeshushwa. Bado MC. Ana wafuasi, ana dili za matangazo, na namba za wale waliolipia nafasi anazo kwenye simu yake. Ada ya siku ile si hela inayoweza kumtetemesha, ila kwa dada wa mishikaki ndiyo ilikuwa mtaji wa kuanzia Jumatatu. Arudishe.

Wadau, mnasemaje?