Bumu Langu Liliishia Kwenye Stika

Kuna watakaosema mwanachuo wa ualimu ana habari gani na monita za gemu, bumu ni la kula na kutoa fotokopi. Sawa. Lakini mimi nimeshaliwa, acha nisimulie.

Nimekulia Ngara. Enzi hizo ukitumwa maji unapitia kwanza kibanda cha gemu: PlayStation 2, tivii ya chogo, mechi moja shilingi mia mbili. Mpira ukipigwa unauona ulivyo, mviringo. Baadaye mwenye kibanda akaleta flati skrini, tukashangilia. Siku hiyo hiyo tukagundua mpira una mkia, na mchezaji akikimbia jina la mgongoni halisomeki. Mwenyewe akasingizia umeme mdogo.

Umeme haukuhusika kabisa. Chogo iliwasha kila nukta kwa kufumba na kufumbua, kisha ikafifia kusubiri picha inayofuata. Skrini ya LCD inaacha picha imewaka mpaka nyingine ije. Kwa Hz 60 hizo ni milisekunde 16.7. Jicho lako linaufuata mpira huku picha yenyewe imesimama, ndipo ukungu unapotokea. Ukienda Hz 144 muda unashuka hadi 6.9. Afadhali, ila mkia bado upo. Dawa waliyobuni wataalamu ni kuzimazima taa ya nyuma ya skrini: inamulika kidogo picha ikishatulia, halafu giza. Yaani chogo imerudi kwa mlango wa nyuma!

Basi bumu lilipoingia nikaenda Kariakoo, nikakuta monita ya mtumba ina stika ya ULMB. Muuzaji akasema, "Mdogo wangu, hii inakubali mashine yoyote." Kuonyesha picha, kweli inakubali. Ila ULMB ni teknolojia ya NVIDIA, inataka kadi ya GeForce na waya wa DisplayPort. Kompyuta yangu ya kuungaunga ina kadi ya AMD Radeon. Nikafungua menyu usiku ule, sehemu ya ULMB ni ya kijivu, haibonyezeki. Wiki tatu nikala wali maharage kwa mkopo.

Na wenye NVIDIA msicheke bado. Ukiwasha, skrini inapungua mwanga. Halafu kama taa inapiga mara 120 kwa sekunde na kadi yako inatoa fremu 70, mpira mmoja utauona miwili. Kwenye monita za zamani ULMB na G-Sync haziwashwi kwa pamoja, unachagua moja. Kwa kadi zetu hizi za kuhemea, mimi ningechagua G-Sync. Zipo pia monita kama za BenQ ZOWIE, zenye DyAc. Hiyo inakaa ndani ya monita yenyewe, haiulizi una kadi gani. Laiti ningejua.

Kinachoniuma kuliko hela ni kwamba sekondari nilikariri "monita ni kifaa cha kutoa, kibodi ni cha kuingiza" na nikapata vema zote. Hakuna siku tuliyogeuza monita tukaangalia matundu ya nyuma. Na sasa naenda mazoezi ya kufundisha, nimepewa kufundisha hayo hayo.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi: mkileta wauza kompyuta kampasi, wekeni sharti mwanafunzi ajaribu kwa mashine yake mwenyewe kabla ya kulipa, afungue menyu, awashe anachoambiwa kipo. Anayeenda Kariakoo peke yake aandike jina la kadi yake kwenye karatasi, na asikubali "inakubali" bila kuuliza inakubali nini.

Monita yangu bado nzima. Kwa sasa naandikia maandalio ya somo. Mwenye kadi ya GeForce anitafute, bei tutaelewana.