Kwenu mnaojenga: acheni nafasi ya bomba chooni

Ndugu zangu mnaojenga, mnaokarabati, na wewe unayemsubiri fundi marumaru asubuhi hii,



Leo naandika habari za chooni. Mwenye haya ajifunike kanga usoni ila asiache kusoma, maana jambo lenyewe linagusa pesa yake leo na mgongo wake kesho.

Picha za nyumba mpya mnazorusha kwenye kundi la ukoo nazitazama zote. Sebule nzuri, geti zuri, jiko limepangika. Nikifika chooni nasita. Choo cha kukaa cheupe, marumaru mpaka darini, na ukutani kishikio cha karatasi kinang'aa. Bomba hakuna. Nilipouliza nikaambiwa ndio mtindo wa sasa, kwamba ndoo na kopo vinaharibu sura ya choo, na anayetaka maji atajaza chupa kwenye sinki la kunawia. Gesti nyingi mpya ziko hivyohivyo. Mgeni anatoka chooni na chupa tupu ya maji ya kunywa mkononi, anatembea nayo kwa siri kama kaiba.

Mimi naishi Minneapolis, katika nchi ya hiyo karatasi, na kazi yangu ni kuhudumia wazee: kuwaogesha, kuwavisha, kuwapeleka chooni. Waafrika Mashariki tumejaa katika kazi hii hapa Minnesota, Wakenya, Wasomali waliokulia Nairobi na Dadaab, Wakongo, sisi Watanzania. Zamu za usiku Kiswahili kinasikika korido nzima. Kwa hiyo ninayoyasema sikuyasoma tu, nimeyashika kwa mikono.

Ngozi ya mzee wa miaka 80 ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Karatasi, hata ile laini yenye picha ya manyoya kwenye pakiti, inasugua. Mara moja si neno. Lakini mtu anayeendeshwa na dawa anakwenda chooni mara nne, mara tano kwa siku, na kila mara anasuguliwa palepale. Ngozi inachubuka, uchafu unaingia kwenye mchubuko, na kwa mtu anayekaa au kulala kutwa nzima, kidonda cha namna hiyo hakiponi upesi. Ndiyo maana sisi kazini mgonjwa wa hivyo hatumfuti na karatasi kavu. Ni maji ya vuguvugu, kitambaa laini, halafu kukausha kwa kugusagusa bila kusugua.

Dada zenu waliojifungulia huku wanalo la kuongeza. Wodini, baada ya uzazi, muuguzi humpa mama chupa laini ya plastiki yenye vitundu mdomoni. Jaza maji ya vuguvugu, anamwambia, jimwagie, usijifute. Nchi nzima inajifuta na karatasi, lakini mtu akishonwa nyuzi anakabidhiwa maji! Wiki chache baadaye amepona, chupa inatupwa, karatasi inarudi. Hapo ndipo huwa siwaelewi.

Na hiyo karatasi yenyewe, huku Marekani, si ya kale. Joseph Gayetty alianza kuiuza Marekani mwaka 1857, shiti moja moja ndani ya pakiti, akiitangaza kama dawa ya kuzuia bawasiri. Ile iliyoviringishwa, yenye mistari ya vitundu vya kukatia, ilikuja baadaye. Mchoro wa hataza ya Seth Wheeler ni wa 1891. Yaani karatasi iliingia chooni kwa jina la tiba, na maji nayo, yalipotaka kurudi, yalipita mlango huohuo. Katika miaka ya 1960, Mmarekani Arnold Cohen alitengeneza kiti cha choo chenye kurusha maji kwa sababu ya baba yake mgonjwa. Wamarekani hawakumjali sana. Wajapani walimjali: mwaka 1964 kampuni ya TOTO iliagiza viti vya aina hiyo kutoka Marekani kwa ajili ya wagonjwa, na mwaka 1980 ikatoa cha kwake, Washlet, ambacho leo kimejaa majumbani Japani. Italia walikwenda mbali zaidi, wakaliandika jambo hili katika kanuni za ujenzi: amri ya wizara ya tarehe 5 Julai 1975 inataka kila nyumba iwe na bideti katika angalau bafu moja. Bideti ya kwao ni karai la pekee la kauri, linakaa kando ya choo. Sisi hatuhitaji karai hilo, linakula nafasi bure. Ninachokipenda kwao ni kuwa jambo hili ni la mchoro wa nyumba, si la mwenye nyumba kukumbuka akishahamia.

Sasa najua mtakalonijibu. Sisi maji tunayo tangu enzi, kopo lipo, na Waislamu tuna istinjaa, huyo wa Minnesota anatufundisha nini? Nakubali, lakini tazameni kopo linavyofanya kazi. Mkono mmoja unamimina, wa pili unaosha, magoti yamekunjwa, kiuno kimepinda. Linahitaji mikono miwili mizima na mgongo usiolalamika. Mama Mkubwa, ambaye ameniruhusu kumtaja, tangu alipopata kiharusi mkono wake wa kushoto haukamati kitu. Kopo halimfai. Karatasi nayo haimfai, kwanza hajaizoea, na hata angeizoea asingeweza kujigeuza. Anaoshwa na mjukuu wake. Mjukuu ana moyo mzuri, hilo sina shaka nalo. Ila mwanamke aliyelea ukoo mzima hapendi kusubiri mtoto atoke shule ndipo aende haja.

Kwa mtu kama yeye kuna kiti, au kile kibao chembamba kinachofungwa chini ya kiti cha choo cha kawaida, chenye kidomo kinachorusha maji kwa chini. Kuna kitasa pembeni. Anazungusha kwa mkono mmoja, maji yanafanya kazi, anafunga, anajikausha. Hakitumii umeme. Huku kinauzwa dola 30 mpaka 60. Nina mzee mmoja kazini, mkulima mstaafu, watoto wake walimfungia kimoja, na tangu hapo hataki mtu yeyote aingie naye chooni. Tunamsubiri nje ya mlango, naye anapiga mluzi makusudi tujue yuko salama.

Viti vya umeme vipo pia, vinapasha maji, vinapasha makalio, vinapuliza upepo wa kukausha, vingine vinawasha taa vikikusikia unakuja. Kuchamba kwingi huondoka na mavi. Huku Minneapolis kupasha maji kuna maana, kwa sababu maji ya mjini hutoka mto Mississippi, na Januari yakikugusa unaruka mpaka dirishani. Huko kwenu Tanga tatizo ni kinyume chake. Simtanki lililokaa juani, na bomba lililopita juu ya bati, saa tisa mchana hutoa maji ya kuunguza, na mzee mwenye kisukari anaweza asihisi kama anaungua. Pitisheni bomba la chooni kivulini au ndani ya ukuta, na kila mtu ajaribu maji kwa mkono kabla.

Presha nayo iangaliwe. Kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa kama baa 1. Simtanki lililo mita 3 juu ya choo halifiki hata theluthi moja ya baa, na vibao vingi vimetengenezwa kwa presha ya maji ya mjini. Vitafanya kazi kwa unyonge au visifanye kabisa. Mnaojenga mnara wa tangi sasa, pandisheni. Ambao mnara umeshasimama, wekeni ule mpira mfupi wenye kichwa cha kubonyeza, ambao mmeuona kwa jamaa wa Muscat na Dubai. Wenyewe hauchagui sana presha. Huo usiachwe na maji ndani kutwa. Fungeni koki ukutani kila mkimaliza, kwa sababu mpira wa bei poa hupasuka usiku mkiwa mmelala. Utundikwe juu, kichwa kisining'inie ndani ya ndoo wala ndani ya choo. Siku ya mgao, presha ya bomba la mtaani ikishuka, maji machafu yanaweza kufyonzwa kurudi kwenye bomba mnalotumia kupikia. Uingereza maji ya chooni yamewekwa katika kundi la 5, la hatari ya juu kabisa, na kanuni zao haziruhusu mpira huo uungwe moja kwa moja kwenye bomba la mjini. Kwenu njia rahisi ni kuulisha kutoka simtanki, na tangi hilo lisiwe la jikoni.

Karatasi sijaikataza. Kipande kimoja cha kujikaushia kinatosha, au kila mtu na kitambaa chake kinachofuliwa. Ila vile vitambaa vya majimaji vya watoto msivitupe chooni hata kama pakiti inasema vinapita. Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, lilikutwa donge la mafuta na vitambaa hivyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Chemba zenu hazihitaji hata kilo 2.

Wengine watasema: bomba la nini, wakati maji yenyewe hayatoki? Hao nawapeleka porini. Kaskazini mwa jimbo hili, mpakani na Kanada, kuna nyika iitwayo Boundary Waters, maziwa zaidi ya 1,000 ndani ya msitu, na watu huingia kwa mitumbwi. Kila kambi ina choo chake nyuma kidogo msituni: kasha lenye tundu juu ya shimo, halina ukuta, halina paa. Unakaa unatazama misonobari, mbu wanakutazama wewe. Sehemu ambazo hata kasha hilo hakuna, unachimba kishimo cha sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, na watu waungwana karatasi zao huzifunga mfukoni wakarudi nazo mjini. Kwenye mlima Whitney, California, hata kinyesi chenyewe ni lazima ushuke nacho.

Wenzangu wa kazini wakifunga mizigo ya kambini hubeba mabunda ya karatasi ndani ya nailoni mbilimbili yasilowe. Mvua ikipenya, bunda zima linakuwa uji. Mimi nabeba chupa laini ya nusu lita na kizibo chenye mdomo uliopinda. Vizibo hivyo vinauzwa, lakini kizibo cha kawaida kilichotobolewa na sindano ya moto kinafanya kazi ileile. Chupa imefungwa uzi mwekundu ili mtu asije akainywea. Nachota ziwani, nakwenda nayo nyuma. Mkono wa kulia unaminya, wa kushoto unaosha, na kwa wanawake maji yaelekezwe kutoka mbele kwenda nyuma. Halafu mikono kwa sabuni, mbali na ziwa, kwa sababu povu halimwagwi ziwani. Asubuhi za Septemba, baridi ikishaingia, naongeza maji ya moto kutoka birika la chai. Nusu lita inatosha, ikiwa hufanyi papara.

Chupa hiyohiyo ingewafaa nyumbani siku za mgao, shamba, msibani ambako watu 200 wanagombea ndoo moja, na kwenye basi la Dar linaposimama abiria wachimbe dawa. Ingewafaa pia wanaopanda Kilimanjaro, ambako nyuma ya mawe karatasi nyeupe za wageni hukaa muda mrefu, kwa vile kule juu ni baridi na pakavu, haziozi upesi. Wapagazi wetu ndio wanaoziokota.

Basi, kwa wale ambao marumaru bado hayajabandikwa, mwambieni fundi bomba aache tokeo moja la nusu inchi karibu na choo, upande wa kulia wa anayekaa, na koki yake, mahali mkono wa mzee unafika bila kuinama. Aweke na chuma cha kushikia ukutani. Ambao marumaru yameshabandikwa, ungeni tii kwenye bomba linalojaza tangi la choo, haivunjwi hata tofali moja.

Na wewe kaka, kibao cha Mama Mkubwa nimeshakinunua, kuna mtu anakuja Desemba atakileta. Tatizo ni kwamba tii za huku zina uzi wa saizi ya vyoo vya Kimarekani, inchi saba ya nane, na choo chake nadhani ni nusu inchi kama vingi vya huko. Usimwache fundi akazishindilie kwa tepu nyeupe, itavuja. Fungua nati iliyo chini ya tangi la choo, pima, piga picha pamoja na rula, unitumie kabla ya Ijumaa ili nitafute kiungio cha kubadilisha. Na upime pia nafasi kati ya matundu mawili ya skrubu za kiti.