Mama anaenda kutembea, hakimbii

Dada yangu amempangia mama mwezi wa tisa. Si Krismasi, si mwezi wa saba, ni mwezi wa tisa mwanzoni, baada ya sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani ambayo huangukia Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Dada anasafisha vyumba vya hoteli huko San Diego, California. Anasema majira ya joto yote hoteli zinajaa, hakuna kupumua, hakuna ruhusa. Sikukuu hiyo ikipita watoto wanakuwa wamerudi shule, watalii wanapungua, na bosi wake anaweza kumpa wiki tatu. Bei za ndege nazo zinashuka kidogo. Kwa hiyo ni mwezi wa tisa.

Vijana wenzangu, na nyinyi wakubwa mnaotuhudumia ambao mnasoma kurasa hizi kimyakimya (tunajua mnasoma), leo nataka kuongea juu ya safari hii ambayo haijafanyika. Labda haitafanyika. Lakini imenifunza kitu kuhusu namna tunavyoangaliwa, na namna sisi wenyewe tunavyojiangalia.

Kwanza mnijue. Nilizaliwa kambi ya Kiziba, kule Karongi, kambi iliyofunguliwa 1996. Mama bado anaishi kule. Mimi niko hapa Rusizi, najitolea kwenye kituo cha Nyarushishi, natafsiri Kiswahili na Kinyarwanda kwa wanaovuka kutoka Kongo. Dada aliondoka na mume wake 2016, kesi yao ilikuwa peke yake. Mama alibaki na sisi wadogo. Kesi yetu ilikuja kufunguliwa baadaye, tukafanya mahojiano, tukasubiri, na mnajua yaliyotokea Januari 2025: Marekani ikasimamisha programu ya kupokea wakimbizi, na mafaili yakalala. Mama hakulia. Alisema tu, "Basi nitawaona wajukuu kwenye simu mpaka simu ife."

Ndipo dada akasema: mama, kama huwezi kuja kuishi, njoo utembee.

Sasa niwaambie kilichotokea. Nilimuuliza mtumishi mmoja wa shirika, sitamtaja wala shirika lake, mama atapata wapi barua ya kuonyesha kwamba anaishi kambini na ana familia hapa. Akauliza, ya nini? Nikasema mama anaenda San Diego wiki tatu, kumwona dada. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ni mtu mzuri, amenisaidia mambo mengi. Akasema, "Kutembea? Nani anatoka kambini kwenda kutembea?" Na vijana wawili waliokuwa pale wakacheka naye, wakimbizi kama mimi. Hao ndio walioniuma zaidi.

Kwa sababu katika kichwa cha watu wengi mkimbizi anajua safari mbili tu. Anakimbia, au anahamishwa. Akipanda gari, ama vita iko nyuma yake, ama shirika liko mbele yake. Kwamba mama wa miaka 61 anaweza kuchagua mwezi, kuuliza hali ya hewa, kufunga begi, kwenda kubeba mjukuu, halafu kurudi kwake, hilo linaonekana kichekesho. Mimi nasema si kichekesho. Limeandikwa hata kwenye sheria. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, ambao Rwanda iliingia 1980, una kifungu cha 28 kuhusu hati ya kusafiria. Uhamiaji wa Rwanda wanaitoa, na ni kitabu kama pasipoti. Nyongeza ya mkataba ule inasema nchi iliyotoa hati lazima impokee mwenye hati akirudi wakati hati bado hai. Walioandika 1951 walijua kwamba mkimbizi naye anaweza kwenda na kurudi. Sisi wa leo ndio tumesahau.

Mama mwenyewe alipanga safari vizuri kuliko mimi. Swali lake la kwanza halikuwa pesa. Aliuliza, "Mwezi wa tisa si ndio tunapanda maharage?" Ni kweli. Huku kwetu mvua zinaanza mwezi wa tisa, ni msimu wa kwanza wa kulima, na mama amekodi kipande cha shamba nje ya kambi. Walibishana na dada kwenye simu siku tatu. Dada anasema mama, maharage! Mama anasema ndiyo, maharage, nitarudi nile nini? Mwishowe wakakubaliana aende mwanzoni kabisa, jirani apande, mama arudi kupalilia.

Swali la pili lilikuwa baridi. Dada akacheka, akamwambia San Diego mwezi wa tisa ndiyo joto lenyewe. Kumbe kule mwezi wa tano na wa sita pwani inafunikwa na mawingu ya kijivu asubuhi mpaka mchana, watu wanavaa masweta, na jua lenyewe linakuja Agosti na Septemba. Mvua karibu hakuna. Maji ya bahari yanafika kama digrii 20, ndiyo moto wao huo. Wakichelewa hadi Oktoba kuna upepo mkavu unaotoka jangwani, na moto wa msituni. Oktoba 2003 na Oktoba 2007 moto ulichoma nyumba nyingi sana pembeni ya mji ule. Mama aliposikia hivyo akasema, "Kumbe na wao wanakimbia."

Lakini kilichomfurahisha zaidi ni mpaka. San Diego iko mpakani kama Rusizi. Upande wa kusini kuna San Ysidro, ukivuka uko Tijuana, Mexico. Dada anasema watu wanavuka kwa miguu kwenda kwa daktari wa meno, kununua dawa, kula, na jioni wanapanga mstari mrefu kurudi. Wengine wanalala Tijuana kwa sababu nyumba ni rahisi, wanafanya kazi San Diego. Mama akasikiliza, akasema, "Basi hiyo ni Bukavu na Kamembe." Ni kweli kabisa. Ukisimama hapa Rusizi asubuhi unaona wamama na ndoo za samaki na nyanya wanaelekea daraja, na jioni wanarudi. Huwa nafikiri, watu wetu ni wasafiri kuliko watu wote. Mama mchuuzi anavuka mpaka wa nchi mara mbili kwa siku na hakuna anayemcheka. Ila yule yule akiwa na kadi ya mkimbizi, akisema anataka kuvuka mpaka wa mbali kidogo na kurudi, amekuwa mwongo au mwehu.

Sasa tuje kwenye ugumu, maana sitaki mtu asome hapa akimbilie kulipa pesa.

Viza ya matembezi ya Marekani unaiomba ubalozini Kigali. Fomu yake iko kwenye intaneti na inajibiwa kwa Kiingereza. Ada ni dola 185, na ukikataliwa hairudi. Kwa faranga ni zaidi ya laki mbili na nusu, yaani motisha yangu ya karibu miezi kumi. Mahojiano yenyewe ni dakika chache dirishani. Na sheria yao, ya mwaka 1952, inamwambia ofisa amchukulie kila mwombaji kuwa anataka kuhamia, mpaka mwombaji mwenyewe amwonyeshe kwamba atarudi. Mtu mwenye nyumba Kigali na kazi ya benki anaonyesha nyumba na benki. Mama ataonyesha nini? Mbaya zaidi, tuna faili la kuomba kuhamia Marekani. Tulifanya kitu halali, tukafuata mstari, tukasubiri, na mstari ule ule sasa ndio ushahidi kwamba mama hataki kurudi.

Kuna watu walituambia tufiche. Kijana mmoja wa Kamembe aliomba dola 400 aandike fomu kwamba mama ni mfanyabiashara na hana ndugu Marekani. Jamani, fomu inauliza waziwazi kama una ndugu wa karibu kule. Ukidanganya ukakamatwa unaweza kufungiwa maisha, na faili la familia nzima linachafuka. Mama alimjibu vizuri: "Sasa nikifika kwa binti yangu nimwite nani?"

Na kwa wenzetu Warundi wa Mahama, mjue kwamba tangazo la Marekani la Juni 2025 liliiweka Burundi kwenye orodha ya kizuizi, pamoja na viza za matembezi. Kongo-Kinshasa haikuwemo kwenye orodha ile. Lakini masharti yanabadilika, angalieni ukurasa wa ubalozi wenyewe kabla ya kutoa hata faranga moja. Na mkipanga njia, kubadilisha ndege Addis Ababa au Doha kunaweza kuwa rahisi kuliko Ulaya, maana Ulaya wanaweza kukudai viza nyingine hata kama unapita uwanjani tu.

Tusidanganyane pia kwa upande wetu. Kuna waliokwenda kutembea na hawakurudi. Tunawajua. Tuliwapigia makofi kwenye magrupu ya WhatsApp. Kila mmoja wao alimfungia mlango mama wa mtu mwingine, na hilo sisi vijana hatupendi kulisema. Mimi mwenyewe kama ningepewa viza ile, ningerudi? Nina miaka 24, nilimaliza sekondari, sina kazi zaidi ya kujitolea. Sitajibu hapa. Ndiyo maana sikuomba mimi, anaomba mama.

Kwa sababu mama atarudi. Najua kwa sababu ambazo hazina sehemu kwenye fomu. Ni mweka hazina wa ikimina, kikundi cha akiba cha wanawake 25, ufunguo mmoja wa sanduku uko shingoni mwake. Ukimwambia aende California akae, atakuuliza nani atafungua sanduku. Ana shamba lile la maharage. Ana kuku. Ana kaburi la baba, Kiziba, ambalo analifagia kila Jumapili baada ya ibada. Ana mdogo wangu wa mwisho anayemaliza shule. Anawapenda wajukuu, ndiyo, lakini dada anafanya kazi usiku, na mama anaogopa nyumba ambayo mchana watu wote wamelala au wametoka, hajui jirani, hajui lugha. Wiki tatu anazitaka. Kukaa bila kurudi, sasa hivi, baada ya kuona mambo yalivyo, sina uhakika kama bado anataka. Hakuna ofisa aliyewahi kumuuliza.

Kwa wahudumu wetu nina ombi dogo. Mtu akija kuuliza karatasi ya kusafiri kwenda kutembea, msimcheke, na msimwambie "haiwezekani" kama hamjaangalia. Mwambieni bei, mwambieni hatari ya kukataliwa, halafu mpeni barua yake. Barua ya kwamba anaishi hapa, ana watoto hapa, ni kiongozi wa kikundi fulani, ina muhuri. Haichukui hata nusu saa kuiandika. Ofisa wa dirishani anaweza asiisome, hiyo ni juu yake. Na kama mnaweza kutupangia asubuhi moja kwa mwezi ya kuelezea hati ya kusafiria, matapeli wa Kamembe watakosa wateja.

Tuna njia ya pili pia, nayo ni dada kuja. Ameshapata uraia, na tangu 2018 Rwanda inampa mgeni wa nchi yoyote viza akifika uwanjani, dola 50 kwa siku 30. Yeye anacheka, anasema mimi niliyezaliwa hata bila cheti naingia Kigali kwa dola 50, mama aliyenizaa anahitaji muujiza. Lakini tiketi yake na watoto watatu ni pesa ya miaka, na mwezi wa tisa watoto wako darasani. Akija peke yake, mama atamwona binti, wajukuu hatawaona. Basi tunajaribu kwanza ya mama.

Wanawake wa ikimina walikaa wiki iliyopita. Walikubali kumkopesha zile dola 185, kwa riba ile ile ya kila mtu, arudishe akivuna. Mmoja tu alipinga, akasema je asiporudi? Mama akavua ufunguo shingoni akauweka mezani. Wakamwambia auvae tena.

Jumapili napanda basi kwenda Karongi kumjazia fomu kwenye simu yangu. Kuna sehemu inayouliza anwani atakakofikia San Diego, na sehemu inayouliza atakaa siku ngapi. Mama ameshaniambia niandike 21, nisizidishe hata moja, kwa sababu ya palizi.