Mizani ya Angani

Wako watu wasemao kwamba fedha itumiwayo kurusha vyombo angani ni fedha iliyotupwa. Huuliza: mwenye kiu atanufaika nini na chuma kizungukacho juu ya mawingu? Swali hili lina huruma ndani yake, na kwa sababu hiyo husadikiwa upesi. Lakini huruma isiyo na maarifa ni kiongozi kipofu. Mimi nalipinga neno lao, na mashahidi wangu ni setilaiti mbili.

Tarehe 17 Machi 2002 jozi ya setilaiti iitwayo GRACE, mali ya Marekani na Ujerumani, ilirushwa angani. Zilishika njia moja, hii ikitangulia na ile ikifuata, umbali wa kilomita 220 hivi kati yao. Zilipewa majina ya utani, Tom na Jerry, paka na panya wafukuzanao. Hazikupiga picha za nchi. Kazi yao ilikuwa kupima nafasi iliyozitenga. Ya mbele ilipokaribia mahali penye uzito mwingi ilivutwa, na nafasi ikapanuka. Ya nyuma ilipofika hapo ilivutwa vilevile, na nafasi ikapungua. Badiliko hilo, hata likiwa dogo kuliko unene wa unywele, lilipimwa, na kwa njia hiyo uzito wa nchi ulijulikana mwezi baada ya mwezi. Maji yana uzito. Yapunguapo ardhini, mvuto hupungua pia. Setilaiti moja isingaliweza kupima kwa usahihi huo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa natuulize mwenye kiu amenufaika nini. Kaskazini-magharibi ya India, katika majimbo ya Rajasthan, Punjab na Haryana, wakulima huvuta maji ya visima kumwagilia mashamba. Kila mmoja alikijua kisima chake. Ni nani aliyejua hesabu ya wote? Mwaka 2009 wataalamu waliosoma vipimo vya GRACE walitangaza kwamba tangu Agosti 2002 hadi Oktoba 2008 eneo hilo lilipoteza maji ya chini ya ardhi yapatayo kilomita za ujazo 109, ingawa mvua ilikuwa karibu na kawaida yake. Kosa halikuwa la mawingu. Lilikuwa la pampu.

Watajibu kwamba kupima si kunywesha. Ni kweli, mizani haijazi ghala. Lakini mwenye ghala asiyepima hula mbegu akidhani ni akiba. Watasema tena kwamba vyombo hivi ni vya matajiri. Hilo ni kweli pia; walakini vipimo vyake hutolewa bure kwa kila atakaye, na asiyevisoma asimlaumu aliyevitoa. Nakiri jambo moja: mizani hii huona nchi pana, haioni kisima kimoja. Basi haimwondolei mtu wa kijijini wajibu wa kutia kamba kisimani mwake na kupima.

Jozi ya kwanza ilikoma kazi mwaka 2017, na nyingine ilirushwa tarehe 22 Mei 2018 kuiendeleza hesabu. Enyi vijana msomao hisabati na fizikia, hapa Kenya nasi twachimba visima. Jifunzeni kuisoma mizani hiyo, ili tujue kiasi cha maji yaliyobaki kabla ndoo zetu hazijagonga mwamba mkavu.