Goti Lililopasuliwa Si Goti Jipya

Mchezaji akichanika ligamenti ya mbele ya goti, vijiweni hesabu ni ileile: upasuaji, miezi sita, anarudi mpya. Ukibisha unatajiwa Zlatan Ibrahimović, aliyeumia Aprili 2017 akiwa na miaka 35 na Novemba akaichezea tena Manchester United. Kwamba Desemba goti lilimweka nje tena, hilo halisimuliwi.

Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2014 zinaonyesha kuwa takriban asilimia 65 tu ya waliopasuliwa hurudia kiwango chao cha zamani. Vijiweni hao wengine hawana jina.

Daktari hufanya nini hasa? Huchukua kano, mara nyingi ya nyuma ya paja, akaipitisha kwenye matundu aliyotoboa mifupani ili mfupa wa muundi usiteleze mbele. Goti linatulia, na hilo si jambo dogo. Lakini siku ya kuumia gegedu nayo iliumia, na hiyo haibadilishwi. Nchini Sweden, wanawake waliochanika ligamenti wakicheza soka walipigwa picha za eksirei miaka 12 baadaye. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 31. Nusu yao magoti yalishaanza kusagika, waliopasuliwa na wasiopasuliwa vilevile.

Hukohuko Sweden, vijana 121 waligawanywa kwa kura: wengine wapasuliwe mapema, wengine waanze na mazoezi tiba, kisu kiwe akiba. Baada ya miaka mitano hali za makundi hayo hazikutofautiana, na karibu nusu ya walioanza na mazoezi hawakuwa wamepasuliwa kabisa. Hines Ward, naye, alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, mwaka 2006 bila ligamenti hiyo kwenye goti la kushoto.

Upasuaji una mahali pake. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 uliupa ushindi kwa watu ambao magoti yao yalikuwa yakiwalegea kwa muda mrefu. Kinachokera ni kuuza kisu kama kinga ya goti uzeeni, kisha kuharakisha kumrudisha mchezaji uwanjani.

Watafiti wa Oslo waligundua kuwa kila mwezi wa kusubiri, hadi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia upya kwa karibu nusu. Kwa hiyo kocha anayemwingiza mchezaji mwezi wa sita kwa kuwa ligi iko ukingoni anamtafutia upasuaji wa pili.