Raha na Karaha za Asiye na Gari

Wanachama wenzangu, wapo wanaodhani kwamba asiye na gari hana raha. Mimi nakataa katakata! Hapa Entarara, habari tunazipata stejini tukingojea matatu: nani kajifungua, ng'ombe wa nani wamepotea. Mwenye gari hupita vioo vimefungwa, hata msiba wa jirani haujui.

Kinachoniudhi ni kingine. Mvua ikinyesha kidogo tu, makanga kapandisha nauli! Na ile barabara ya juu ya kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, ni ya anayelipa. Matatu nyingi hubaki chini kwenye msongamano. Soga ni tamu, ndiyo, lakini wazazi wanaofanya kazi Nairobi hufika nyumbani watoto wamelala. Je, mbona mabasi hayatengewi njia yao?